Kovu Langu Kwenye Riwaya ya Bosi

Shoga, nimetoka chooni kutapika sasa hivi.

Bosi kanipa muswada wa riwaya yake nisahihishe. Wapenzi wanakufa, wanazaliwa upya. Sawa.

Ukurasa wa tisa, binti ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Kovu langu, shoga. La pasi.

Eti maisha yaliyopita alimkimbia mumewe, kwa hiyo karma imemrudisha ampende kwa lazima. Na huyo mume ana kipara na kiwanda cha uchapaji, kama bosi mwenyewe.

Nikamuuliza bosi, "Huyu binti ni nani?" Akasema, "Moyo wako unajua."

Mtu ana wajukuu. Eti moyo wangu unajua.

Sasa sikia. Aliyemchapia muswada ni mkewe. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho kaandika kwa penseli: "Mwanangu, kimbia tena."