Michirizi Minne Begani

Baba Njoki,

Natumai wewe na watoto mko wazima huko Njoro. Dada yangu amejifungua salama, na hapa Kericho mvua ni kila saa nane, haikosi.

Jana mvua hiyo ilinisukuma hadi baraza la studio moja ya picha. Dirishani wamepanga picha za zamani, zile za kubandikwa kwenye kadi ngumu, na katikati yake ni wewe, kijana kabisa, umevaa koti. Kando yako msichana mwenye mwanya amekuwekea mkono begani.

Nikamuuliza mzee wa studio. "Hao?" akacheka. "Walikuwa wanapendana sana! Koti ni langu, nilikuwa nawaazima wateja. Lakini ule mkono, mama, msichana aliuweka mwenyewe."

Jioni nilikaribishwa mursik, yale maziwa ya mgando ya huku, na vile nayapenda, nilirudisha kibuyu kikiwa kimejaa.

Sasa simama mbele ya ile picha yako ya sebuleni, ile uliyoikata upande mmoja eti iingie kwa fremu. Ile michirizi minne begani, uliyoniambia ni cheo cha koti la kuazima, itazame vizuri. Kumbe kila Jumamosi nimekuwa nikivipangusa vumbi vidole vya mwanamke mwingine!

Watu wa posta watasoma kadi hii isiyo na bahasha. Wasome.

Wasalimie watoto, na mle vizuri. Fremu usiiguse. Nikifika, hapo begani nitaweka mkono wangu mwenyewe, na si wa kupigwa picha.

Mkeo,
Mama Njoki