Breki Tulizoziambia Zisubiri

Mpendwa mshauri, nishike mkono, maana hili ninalokuandikia nimelibeba peke yangu mwaka mzima na miezi minne, na sasa mwanangu wa kwanza ananiuliza swali ambalo siwezi kulijibu bila kulitapika lote.

Mimi ni mjane, nashona mapazia na viti vya magari, na marehemu mume wangu alikuwa mpima ardhi mstaafu ambaye siku moja alirudi nyumbani na gari la spoti, kuukuu kuliko ndoa yetu, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, limelala chini hata kuku asingepita uvunguni, nami nikalipokea kwa maneno, nikamwambia haya, umeniletea mke mwenza, naye akacheka akasema huyu hali wala havai, na hapo ndipo alipokosea, maana lilikula kila tulichokuwa nacho.

Fundi wake tulimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na mtu, na Taratibu huyo alilala chini ya gari asubuhi nzima, akatoka akasema breki zimechoka, mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu imeoza, masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo ukikanyaga, inavuja, akaandika kwenye karatasi kila kinachotakiwa, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, akaandika: LISISHUKE MLIMA MPAKA MIPIRA IBADILISHWE. Mume wangu akaiweka karatasi ile kwenye meza yangu ya kushonea, akasema, "Mama watoto, tuanze na breki." Akiba ilitosha jambo moja, ama breki, ama rangi na viti, na binti yetu wa mwisho alikuwa anaolewa, nami nilitaka baba yake amfikishe harusini kwa gari linalometa, basi nikamjibu kwa mzaha, mshauri, kwa mzaha tu, "Gari limesimama miaka yote hiyo, leo ndiyo linataka vya kulisimamisha?" Tukacheka mpaka akajifuta machozi. Tukachagua rangi. Taratibu akatia pedi mpya za breki za mbele kwa kilichobaki, akarudia onyo lake, na harusi tukaenda kwa barabara ya tambarare, binti yangu akapendeza, watu wakatusifu.

Wiki tatu baadaye niliishiwa uzi. Duka la uzi liko chini ya mteremko, ilikuwa saa nne asubuhi, nikamwomba aniletee, naye akachukua funguo za gari lile, nikamwona, nikamwacha aende. Walioshuhudia wanasema alikuwa anakanyaga breki na gari haliitikii, chini watu wanavuka barabara, akakata kona akaugonga ukuta wa ghala. Hakuumiza mtu mwingine. Aliishi siku mbili hospitali, na siku ya pili alinishika kidole hiki cha shahada akaniambia, "Taratibu alinionya. Mwambie asijilaumu." Sikumwambia.

Siku ya mazishi watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba fundi aliweka pedi bandia, na Taratibu alipofika na kofia yake mkononi, mwanangu akamzuia mlangoni akamwambia mbele ya watu wote, "Umemuua baba yangu, sasa umekuja kumzika?" Yule mzee akanitazama mimi. Nikajifunika uso kwa kitambaa, mshauri, na chini ya kitambaa macho yangu yalikuwa makavu. Akaondoka bila kujitetea. Tangu hapo wateja wamemkimbia, gereji yake ina gari moja tu, nalo ni lake mwenyewe, na karatasi yake iko kwenye droo yangu chini ya vifungo.

Sasa mwanangu anataka kulifufua gari kwa kumbukumbu ya baba yake. Amekuja na picha za diski kubwa za breki zenye matundu na kalipa nyekundu za kuzibana, anasema, "Mama, tuweke breki za maana, siyo takataka za yule muuaji." Lakini fungu lake ni dogo, kwa hiyo ataweka diski hizo mbele tu, tena zilizotumika, kwingine patangoja. Nilipolisikia neno hilo patangoja, nilikwenda kuifungua droo nikaisoma upya ile karatasi. Anataka nimchangie na nimshauri. Niseme nini? Nikifungua mdomo nimempoteza mwanangu, nikiufunga naogopa nitamzika. Nisaidie.

Mjane mwenye droo

MSHAURI ANAJIBU

Mama mwenzangu,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliiweka chini nikatoka nje kidogo. Nakupa pole ya kweli kabla sijakugombeza, kwa sababu kugombezwa utagombezwa.

Kwanza, mzaha wako haukumuua mumeo. Alikuwa mtu mzima, mpima ardhi, mtu aliyejipatia mkate wake maisha yake yote kwa kujua mteremko ni nini, na karatasi ile aliisoma kabla yako. Mlikosea wawili, mkicheka, kama wanandoa wengi wanavyokosea. Hilo lilie, ni haki yako.

Lakini kitambaa ulichojifunika usoni ni chako peke yako. Mtu alikuja kuzika rafiki yake akafukuzwa kama mbwa, na wewe ulikuwa na neno moja la kumwokoa. Marehemu alikutuma. Alitumia pumzi zake za mwisho kumfikiria mtu mwingine, wewe ukazifungia kwenye droo pamoja na vifungo. Mwaka mzima na miezi minne, mama! Njaa ya mzee yule haikuwa na mzaha.

Habari ya breki nimeenda kumuuliza fundi ninayemwamini, nami nakuletea alivyosema. Gari la zamani lenye fungu dogo halianzi na diski za kupendeza. Linaanza na vile visivyoonekana: mipira yote, mipya, isiyotumika na mtu, masta silinda, mafuta mapya ya breki na kutoa upepo wote kwenye mabomba, breki za nyuma, breki ya mkono. Pedi nzuri na diski za saizi ileile ya gari zinatosha kabisa. Ukiweka madubwana mbele na nyuma pamelegea, magurudumu ya mbele yanaweza kujifunga na gari likateleza, na mara nyingi diski kubwa haziingii hata kwenye rimu ndogo za zamani, hivyo utanunua na rimu. Fedha ikiisha kabla ya kazi kuisha, gari likae juu ya mawe. Kazi ikimalizika, lijaribiwe kwenye uwanja mtupu wa tambarare, polepole, kabla ya kuonja mlima wowote.

Sasa kazi yako. Mwite mwanao mchana, mkiwa wawili. Mpe karatasi kwanza aisome, ndipo useme. Mwambie na ule mzaha, mwambie na uzi. Na tafadhali usilie kabla hajamaliza kusoma, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si zamu yako kubembelezwa. Akikasirika, mwache akasirike. Mwana mwenye hasira bado ni mwana. Aliyeko kaburini hata hasira hana. Kisha nenda kwa Taratibu kwa miguu yako, umfikishie salamu za marehemu neno kwa neno, bila kuongeza lako. Fanya wiki hii. Ukingoja ujasiri utangoja sana.

Wako, mshauri

Kabla ya ukurasa huu kwenda mitamboni, mama huyu alinitumia maneno machache, nami nimeomba ruhusa yake kuyaweka hapa:

"Nimefanya. Mwanangu aliisoma karatasi amesimama, akaniuliza, 'Ulikuwa nayo siku ile mlangoni?' Nikasema ndiyo. Akatoka, hakuufunga mlango. Kwa Taratibu nilienda peke yangu. Nilipomfikishia salamu alikaa juu ya tairi akaniomba nirudie, nikarudia. Akasema gari lile hawezi kuligusa tena, mikono yake imekataa, lakini mtoto akitaka aje, atamwonyesha aifanye kazi mwenyewe. Mwanangu alienda juzi. Nasikia alimwomba radhi hapo barabarani, kwa sauti, wauza vipuri wote wakisikia, na tangu jana mzee naye ameshika spana, wanafungua mabomba ya zamani wao wawili. Mimi hanisemeshi. Nawapelekea chakula cha mchana, naacha bakuli langoni pa gereji, jioni nalikuta limeoshwa."