Mtani Haondoki Jukwaani

Alhamisi. Joto la Tabora leo halina adabu, na mimi pia sina.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Chai imepoa mezani, madaftari ya kusahihisha nimeyasukuma pembeni. Bora niandike hapa kuliko kumtumia makamu mkuu wa shule ujumbe nitakaoujutia.

Jumamosi ni mahafali ya kidato cha nne, na klabu yangu ya maigizo imepewa nafasi. Kila mwaka ni igizo lile lile: binti anapata mimba, baba ni mlevi, mwisho mtu anasimama katikati na kutuhutubia. Safari hii niligoma. Niliwaambia wanafunzi waandike kitu walichokiona kwa macho yao, na hotuba mwiko.

Zuhura wa kidato cha tatu, binti wa mtaa wa Chemchem, akaandika msiba wa babu yake.

Babu alikuwa Mnyamwezi, fundi cherehani. Siku ya mazishi akaja mtani wake, mzee wa Kigogo ambaye walitaniana maisha yao yote, kama Wagogo na Wanyamwezi wanavyotaniana tangu enzi za misafara. Akavaa koti la marehemu, akachechemea kama marehemu, akamgombeza mjane kwamba chai haina sukari. Makaburini akaingia shimoni, akajilaza, akagoma kutoka. Eti shimo zuri namna ile hapewi mvivu.

Nilimuuliza Zuhura kwa nini amechagua siku ile.

"Madam, nyumbani tulikuwa tumekauka tu," akasema. "Alipotembea kama babu tukacheka, halafu nikalia sana. Ndiyo nikajua babu amekufa kweli."

Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kusikia sababu bora ya kuandika igizo.

Leo asubuhi makamu kanirudishia mswada. Kamfuta mtani kila ukurasa kwa wino mwekundu. Anasema huko ni kumdhalilisha marehemu, mgeni rasmi atatuonaje, na mwishoni tuweke ujumbe kuhusu umuhimu wa elimu. Nikamweleza kwamba mtani hafukuzwi msibani, hiyo ni haki yake. Akanijibu kwamba mtani akionekana jukwaani, klabu inafungwa.

Niliogopa. Sitajifanya shujaa hapa. Wale watoto hawana mahali pengine shuleni pa kucheka kwa sauti, nami nikaona bora nusu shari kuliko shari kamili. Nikamwita Zuhura nikamwambia, "Punguza kidogo, mwanangu. Kuna wageni."

Hakubisha. Aliitazama ile mistari myekundu, akaomba kalamu, akaenda kukaa dawati la nyuma mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Alichoniletea hakijapunguzwa hata neno. Kaongeza mhusika! Ni mwalimu mwenye miwani, kaja msibani na mkoba wake, anamwamuru mtani anyamaze. Jamani, kila aliyekulia huku anajua kwamba ukimkasirikia mtani umemwongezea kazi. Basi mtani anamwacha mjane, anamgeukia mwalimu. Anamvua miwani, anaivaa yeye, anapita mbele ya waombolezaji na mkoba begani. Halafu anauliza, "Na huyu naye tunamzika leo au kesho? Mbona kashakauka!"

Nilicheka peke yangu darasani mpaka nikashika ukuta. Nikasema huyu mtoto kampata makamu barabara.

Kisha nikasoma tena anachosema yule mwalimu kabla ya kuvuliwa miwani.

"Punguza kidogo, mwanangu. Kuna wageni."

Makamu havai miwani. Mimi navaa.

Iliniuma, tena sana. Nikatafuta pa kukasirikia nikakosa, maana kafanya kile kile nilichomfundisha: kaandika alichokiona kwa macho yake. Na utani hauna kununa. Mtu akinuna ndiyo kashindwa.

Nimeshampigia simu mama yake Zuhura, nimemwomba amwambie binti kwamba igizo linabaki lilivyo, neno kwa neno. Bado hajapatikana mtu wa kuigiza nafasi ya yule mwalimu, na sitamtafuta.

Jumamosi nitapanda jukwaani mwenyewe, na mkoba wangu, na miwani yangu, nitaniwe mbele ya mgeni rasmi. Atakayetaka kuifunga klabu anisubiri nimalize.