Bahari Nyuma ya Mabati

Jumatatu, 4 Machi

Mji huu unakula chuma. Ufunguo alionichongeshea binti yangu nilipohamia kwake umeshashika kutu, na leo umegoma ndani ya kitasa. Nikasimama nje ya mlango kama mdai. Jirani wa mlango wa pili akapita, akanitazama, akaingia kwake. Hata shikamoo! Hata "vipi, mzee"! Fundi alipofika nilimweleza kwamba upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huo ndio unaoharakisha kutu. "Sawa, mzee," akasema, macho kwenye simu. Maisha yangu yote nimefundisha jiografia, sijawahi kupewa "sawa" ya namna hiyo.

Jioni nikaenda kupoza hasira kwenye benchi la zege, barabara ya ufukweni. Mwenzangu wa hapo ni mkunga mstaafu, mjane kama mimi nilivyo mgane. Ananiita Mwalimu, namwita Mkunga. Nilipomsimulia habari za kitasa alicheka hadi akashika mbavu. Hasira ikaisha. Sijui ilikwenda wapi.

Jumatano, 6 Machi

Watu wa hapa huja baharini kuipa mgongo. Wanajipanga, wanainua simu, wanajipiga picha, wanaondoka. Bahari wameiacha nyuma kama pazia la studio! Nikamweleza Mkunga kwamba mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, ndiyo maana upepo—

"Mwalimu," akanikata, "unaisema bahari kama mwanafunzi wako aliyefeli."

"Wewe ungeisemaje?"

"Mimi naisikiliza. Inapumua kama mama aliyekaribia kujifungua."

Kisha akanielekeza kwa kidevu bwana mmoja mwenye tai, anafoka kwenye simu. "Yule alizaliwa mikononi mwangu. Alitanguliza miguu. Mpaka leo hana adabu."

Nimecheka njia nzima. Watu kwenye lifti walinitazama kama nimelewa.

Jumatatu, 11 Machi

Wamefunga ufukwe!

Mabati marefu kuliko mtu, kutoka mzunguko wa barabara hadi soko la samaki. Bango linasema: "Tunaboresha mandhari. Samahani kwa usumbufu." Tarehe ya kumaliza hakuna. Na juu ya mabati hayo — nisingeamini kama ningesimuliwa — wamechora bahari! Bahari yenyewe wameificha nyuma, picha yake wameiweka mbele, tena ya buluu kuliko ya kweli. Kwenye picha kuna mabenchi, na kwenye mabenchi kuna vijana wenye meno meupe. Mzee hayumo hata mmoja. Yaani hata kwa rangi hatukupewa pa kukaa!

Nikamsubiri Mkunga hadi taa za barabarani zikawaka. Hakuja. Au alikuja upande wa pili, akakuta mabati, akageuka. Nitajuaje? Namba yake ya simu sina. Mtu unayemkuta jioni baada ya jioni unamwomba namba ya nini? Anakoishi aliwahi kuniambia "kule juu", basi. Kule juu kuna nyumba hadi macho yanachoka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeyafuata mabati mwanzo hadi mwisho, jana na leo. Nimeuliza duka la dawa. Nimeuliza kanisani, nimeuliza msikitini, maana hata dini yake sikuijua. Miguu imevimba.

"Baba, mabenchi yamejaa mji mzima," binti yangu amesema. Amenunua kiti cha plastiki, amekiweka kwenye roshani. "Hapa utaisikia bahari." Ninachosikia ni feni ya mgahawa wa chini. Ninachokiona ni suruali za jirani. Nimemshukuru, nimekaa, nimechukia.

Sikumwambia ninachokitafuta. Ningeanzia wapi?

Jumapili, 17 Machi

Mlinzi wa jengo letu, ambaye naye nilimuuliza habari za Mkunga, amenichoma. Amemwambia binti yangu, tena kwa kicheko, "Babu kapotelewa na mchumba." Mchumba!

Binti yangu akaja chumbani, hakubisha hodi. Mama hata miaka miwili hajatimiza kaburini, akasema. Na watu watasema nini? Watu gani? Hawa tunaopanda nao lifti wakitazama dari? Nikamwambia sikuposa, niliongea. Kuongea nako kunaombewa kibali? Akaanza kulia. Mkwe wangu akaongeza sauti ya televisheni.

Mama yake ndiye aliyekatia roho mkononi mwangu. Leo nakumbushwa kwamba amekufa!

Nimekula peke yangu chumbani, kama mwanafunzi aliyefungiwa bwenini.

Jumanne, 19 Machi

Nimeaibika, na sijutii.

Kwenye mabati kuna lango la mafundi. Lori la mchanga lilipoingia, na mimi nikaingia. Nilitaka tu kuona kama benchi bado lipo. Mlinzi wa pale akanishika mkono — taratibu, lazima niseme kweli — akaniketisha kwenye mfuko wa saruji. Nikamweleza kwamba ufukwe ni mali ya umma, na umma ni pamoja na mimi. "Mzee wangu, mimi nimewekwa kwenye lango tu," akasema. Akaomba simu yangu, akampigia binti yangu: njoo umchukue mzee wako.

Alikuja na nguo za ofisini, uso umekunjamana. Akaomba radhi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu!

"Usijali, dada," mlinzi akamwambia. "Kuna mama mmoja pia, mkali huyo! Huja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Naye analilia benchi hilohilo. Nikamwambia, mama, si ukae kwingine? Akasema kwingine hatamkuta mtu wake. Ananiuliza kila akija kama kuna mzee mwalimu amepita. Mimi nitamjuaje mwalimu? Leo ndiyo nimejua, maana huyu kanifundisha tangu ameingia."

Asubuhi! Mimi huja jioni, kwa sababu ndio muda wetu. Kumbe mwenzangu alifikiri amechelewa, akaanza kuwahi.

Tukapanda teksi. Binti yangu alitazama nje kwa dirisha la upande wake. Mabati yalipita, yale mawimbi ya rangi, hatua kwa hatua, na hakuna hata moja lililosogea.

Jumatano, 20 Machi

Alfajiri. Naandika haraka.

Bado amenuna. Lakini ameamka kabla yangu, yuko jikoni, anakoroga chai kama anaigombeza. Vikombe viwili ameviweka kwenye mfuko wa sokoni, akavitoa, akavirudisha. Ameshapiga simu kazini kwamba atachelewa.

Nimemwambia sihitaji kusindikizwa hadi langoni, mimi si mtoto.

"Sikusindikizi, baba. Nataka kumwona."

Kumwona kwa jicho gani?

Sasa hivi ameuliza, mgongo kwangu: "Sukari anaweka?"

Sijui! Jioni zote zile nimeongea mimi. Nimemweleza mama wa watu dunia nzima, sikumuuliza hata anakunywaje chai.

"Sijui," nimesema.

Amegeuka. Kijiko kimejaa sukari, kimesimama juu ya chupa ya chai, na ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Amekirudisha kijiko kwenye kopo la sukari. Kopo lenyewe amelitia mfukoni, pamoja na vikombe.

"Utamuuliza mwenyewe," amesema, na yuko mlangoni, anavaa viatu.