Heshima Iliyofunga Mlango

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Tongaren tuko salama. Babako ameenda Kitale kutafuta mbolea. Umeniuliza, kama zamani wazee waliheshimiwa, hiyo sheria ya kuwalinda mnayoiandika huko kazini kwenu ni ya nini?

Nikiwa msichana, baba mdogo alilima shamba la babu na kutuambia anamlisha vizuri. Mama hakuruhusiwa kuingia nyumba ya baba mkwe wake. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Siku moja alimsikia babu akilia njaa humo ndani. Akapika uji, akasukuma mlango, akaingia.

"Huna adabu!" baba mdogo akamfokea.

"Basi nitaikosa kila siku," mama akajibu.

Sheria yenu iseme lazima mtu aingie kwa mzee, aone anavyoishi.

Nawe ukija kwangu, usipige hodi. Ingia tu.

Ni mimi kukhu wako.