Alama Nyekundu Kwenye Boila

Gorna Lipa,
8 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Nevena,

Hujambo huko Valencia? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi ni mzima na chakula kinapita. Nakuandikia jikoni nikiwa nimevaa blauzi ya mikono mifupi, ingawa theluji imefika dirishani. Sababu yake ndiyo habari yangu.

Unajua hiki ni kipupwe cha kwanza bila Nikola wangu. Tangu Novemba boila yetu ya kuni, inayopasha nyumba nzima joto, ilinitia hofu. Kila nikiwasha moto, mshale wa presha ulipanda hadi tatu, na vali ya usalama ikatema maji ya moto kwenye beseni. Mwanangu Ognyan alipoliona beseni, alisema kama boila haitatengenezwa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tarehe sita, nyumba ifungwe na mimi nihamie kwake Plovdiv. Sikumbishia, kuogopa ni haki yake. Ila nilitamani sana siku hiyo ya jina la baba yake mlango huu uwe wazi, watu waingie bila kualikwa kama miaka yote.

Tarehe nne akaja Delcho, binamu yake Nikola, na mfuko wake wa spana. Alikuta boila imepoa, akasema ndivyo anavyotaka. Akaanza na tangi la kupanukia, lile linaloyapa maji nafasi yanapopata moto. Alibonyeza kipua chake cha kujazia upepo, ukatoka upepo mtupu, hata tone la maji hakuna. Kwa hiyo tangi ni zima. Akaikaza koki ya kujazia maji, akanywa kahawa vikombe viwili, mshale haukusogea. Koki nayo haivuji.

Ndipo akaniuliza maji najazaje. Nikamweleza kwamba kila Jumamosi nafanya kama alivyofanya marehemu: nafungua koki hadi mshale uguse alama nyekundu aliyoichora kwa rangi yangu ya kucha. Unaikumbuka ile rangi? Uliniletea wewe kwa harusi ya Ognyan, na Nikola nilimnunia wiki nzima.

"Unajaza saa ngapi, shemeji?"

"Asubuhi, kabla ya kuwasha."

Delcho akavua miwani. "Nikola alijaza jioni, moto ukiwaka. Hiyo ni alama ya maji ya moto. Wewe unaishibisha ikiwa baridi, halafu unaichemsha. Hata mimi ukinifanyia hivyo nitatema."

"Wewe unatema hata ukiwa na njaa," nikamwambia.

Tulicheka hadi nikakaa kwenye rundo la kuni. Wiki zote hizi nilimfuata Nikola kwa kila kitu, nikakosea saa tu.

Delcho aliweka vali mpya, kwani iliyotema sana haizibi tena vizuri. Tukapunguza maji hadi mshale ukasimama kwenye moja na robo, tukawasha moto. Ulipanda polepole, Nevena, ukatulia kwenye ile alama nyekundu, pale pale. Nilijikuta nausalimia. Kesho yake, boila ilipopoa, nikachora alama ya pili, ya baridi, kwa chupa ileile. Rangi ilikuwa imeganda, ikabidi niipashe joto mfukoni.

Siku ya Mtakatifu Nikola walikuja watu ishirini na watatu. Samaki niliyemjaza mchele na kokwa za jozi alibaki mifupa. Ognyan aliteremka mara mbili chini ya nyumba kuitazama boila, mara zote beseni lilikuwa kavu. Mara ya pili alipanda huku akivua sweta.

"Mama," akasema, "joto limezidi. Fungua dirisha."

Plovdiv haikutajwa tena. Na beseni nimelirudisha kwenye kazi yake ya kuchachushia kabichi.

Nisalimie Pavel na wasichana. Delcho anauliza kama umenenepa. Mungu awalinde nyote, na nyumba yenu isipungukiwe na wageni.

Jumamosi jioni, ukikaa kupumzika, nikumbuke. Nitakuwa chini kwenye boila, nautazama mshale.

Dada yako akupendaye,
Zlatina