Mwanangu Ananijengea, Wao Wanaiita Nyumba ya Godoro

Bi Nasrin mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba yangu nitaichukua siku nyingine, leo nina shida. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza nyanya hapa Ilula kando ya barabara kuu, na mabasi yananijua, madereva wengine hawasimami kwa mtu mwingine. Jina langu ulifiche. Ila unaweza kuandika kwamba mwanangu wa kwanza, Sosthenes, ni injinia wa maji huko Mbeya, ingawa kwenye kitambulisho wamemwandika fundi sanifu, sababu wanazijua wenyewe huko ofisini.

Huyu mwanangu amechukua mkopo benki, anakatwa mshahara miaka sita, ili anijengee nyumba ya kisasa ya vyumba vitatu, siyo ya kupanga tofali moja moja kama wengine wanaojenga mpaka wajukuu wanaoa, hii inatengenezwa kiwandani Dar es Salaam, kuta zinakuja na madirisha yake juu ya lori, mafundi wanaziunganisha siku nane unaingia. Yeye na mke wake Tumpe, mwalimu, na watoto wao watatu bado wamepanga vyumba viwili Mbalizi, lakini alisema mama kwanza, na mimi sikumkatalia maana ningemvunja moyo. Bajeti aliipiga kwa kompyuta, ukurasa mzima, nikaiwekea fremu, iko ukutani sebuleni karibu na picha yangu ya kipaimara. Kuta, usafiri na mafundi analipa yeye kiwandani. Mimi nikatumiwa milioni sita na laki tatu: milioni tano na laki nne za msingi na sakafu ya zege, ambayo lazima iwe imekauka kabla lori halijafika, na laki tisa za dharura.

Shida ilianza na Verediana. Huyu ni mwenzangu wa kwaya na ni mwenyekiti wa kamati ya kujenga nyumba ya mchungaji, sitasema zaidi, mimi si mtu wa kusema watu. Pasaka Sosthenes aliniletea kipande cha ukuta, cha mfano, ukubwa wa sinia, nikakiweka mezani juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe ili wageni wakione. Verediana akaja, akanisalimia kamwene, akakichukua, akakigonga kwa kidole kama anachagua tikiti, akakigeuza ubavuni akaminya.

"Mama Sosi, humu ndani mbona sponji?"

Nikamwambia ndiyo teknolojia, inazuia baridi.

"Kumbe. Basi hili ni godoro wamelivalisha bati."

Akacheka, Bi Nasrin, akanywa chai yangu huku anacheka, na Jumapili iliyofuata natoka kanisani mtu ananiuliza, mama, ile nyumba ya godoro inakuja lini, na mgeni mtakuwa mnamlaza ukutani?

Nikakaa nikafikiri. Kwenye bajeti kulikuwa na neno dharura, na mimi sikuona dharura kubwa kuliko ile. Nikanunua matofali ya kuchoma elfu ishirini na mbili, mekundu, ukiyagonganisha yanalia kama kengele, shilingi mia na arobaini kila moja mpaka uwanjani kwangu, nikampa na fundi Aroni laki sita za kutangulia, ili nyumba ikishasimama tuizungushie ukuta wa tofali pande zote na asipatikane tena mtu wa kugonga. Nimeyapanga mbele ya nyumba ya zamani, ukiwa ndani ya basi unayaona. Milioni mbili na laki sita na elfu ishirini zimebaki kwenye simu, sijazigusa, naomba uliandike hilo.

Msingi ndio bado. Mwezi uliopita Sosthenes akaomba picha ya msingi ili alipe awamu ya mwisho kiwandani, nikaona nisimkatishe tamaa mtoto, nikaenda kwenye kiwanja cha nyumba ya mchungaji, ambako sakafu imemwagwa vizuri tangu Agosti na kazi imesimama, kila Jumapili wanatutangazia wamekosa matofali, nikapiga picha nikamtumia. Akajibu, "Mama, wewe ni mkandarasi kamili." Tumpe naye akatuma mioyo mitatu myekundu. Akalipa. Lori linakuja baada ya wiki sita.

Swali langu ni moja: nimwambieje aongeze milioni nne tu, za kumwaga sakafu na kumalizia ukuta wa tofali, bila yeye kujisikia vibaya kwamba hakuliwaza hili mapema? Na je, ni lazima Tumpe ajue?

Ni mimi, Mama Injinia, Ilula.

*

Mama Injinia,

Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo marahaba, na sasa kaa chini. Jina nimelificha. Yaliyobaki umejianika mwenyewe.

Kwanza nikupe haki yako. Mwanamke aliyeuza nyanya barabarani akasomesha mtoto, na mtoto akakumbuka alikotoka, ana cha kujivunia. Na mtu anayekunywia chai huku anaicheka nyumba yako hana adabu. Huruma yangu imeishia hapo.

Mwanao alinunua nyumba ya kiwandani ili asinunue matofali. Nafuu aliyoitafuta ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Wewe umechukua sakafu ya kuisimamishia nyumba ukaigeuza matofali ya kuifichia. Bajeti ulipoiwekea fremu uliacha kuisoma. Na ile picha usiniambie ni ya kumtia moyo mtoto. Ni uongo, na ametoa pesa ya mkopo kwa kuuamini. Watu watano wanabanana vyumba viwili Mbalizi ili wewe upate vitatu, halafu unaniuliza utamwombaje milioni nne asijisikie vibaya.

Sasa sikiliza, pamoja na ulivyoiharibu, hesabu yako bado inaokoleka. Aroni hajapanga hata tofali moja, arudishe laki sita zote, nenda na shahidi. Matofali yauze shilingi mia na ishirini, utapata milioni mbili na laki sita na elfu arobaini. Jumlisha na zile za kwenye simu, ambazo naandika kama ulivyoomba kwamba hukuzigusa. Unafika milioni tano, laki nane na elfu sitini. Sakafu inamwagika. Kilichopotea ni laki nne na elfu arobaini kwenye fungu la dharura, na hizo utazirudisha kwa nyanya zako.

Utaniuliza nani atanunua matofali yote hayo na mvua ndiyo hiyo inakuja. Kuna sakafu inangoja matofali tangu Agosti, na unaijua vizuri, umeipiga picha. Nenda kwa mwenyekiti wa kamati. Ndiyo, huyo huyo. Msalimie, mtajie bei, habari za godoro na teknolojia ziache nyumbani. Akicheka acheke, ilimradi alipe kabla ya kupakia. Na usije ukayatoa sadaka mbele ya washarika wakupigie makofi, nakuona unavyofikiria. Si mali yako.

Lakini kabla ya Verediana, mpigie mwanao. Gazeti hili linafika Mbalizi asubuhi ile ile linapofika Ilula, kwa hiyo piga sasa hivi ulipo. Kabla salamu hazijawa ndefu mwambie picha ile ni ya nyumba ya mchungaji, kisha mtajie hesabu. Zege linataka wiki nne za kukauka, na zako sita zimeshaanza kupungua. Zisipotosha, mwenye uwezo wa kusogeza tarehe ya lori ni yeye aliyesaini, na hawezi kusogeza kitu asichokijua. Pesa ya zege mrudishie yote, fundi amlipe mwenyewe. Na Tumpe ajue, kwenye simu hiyo hiyo, umwombe radhi kwa jina lake, kwa sababu mshahara unaokatwa ndio unaolisha watoto wake.

Nyumba itasimama, mama, na Verediana atakuja kuiona, hawezi kukosa. Akianza kugonga ukuta usimfokee. Mwambie mlango uko upande huu, aingie, chai imeiva.

Bi Nasrin